Waliompiga kopi Peter Green hawakumzika

Kila linapotajwa jina la Peter Green, mpiga gitaa wa bluzi wa Uingereza aliyeanzisha bendi ya Fleetwood Mac, lalamiko ni lilelile: wimbo wake unaojulikana kuliko yote, watu wanaujua kwa jina la mtu mwingine. Uliza palipo na wapenda gitaa “Black Magic Woman” ni ya nani, wengi watakujibu Santana, bendi ya Kimarekani ya mpiga gitaa Carlos Santana, bila kupepesa macho. Kisha atajitokeza mmoja, amekereka kidogo, akumbushe kwamba Fleetwood Mac waliutoa mwaka 1968, miaka miwili kabla ya Santana, na kwamba mtunzi ni kijana wa Kiyahudi wa Bethnal Green, mashariki mwa London, aliyezaliwa kwa jina la Greenbaum. Hapo ndipo mashtaka yanapomiminika: Santana kapora, bendi ya hevi metali ya Judas Priest imeharibu wimbo wake mwingine, mpiga gitaa Gary Moore kaiga hadi kupitiliza.

Wanaolalamika wana hoja, na nyingine nitazikubali huko mbele. Ila naona tumezoea kuwasikiliza wao tu, huku wanamuziki waliozirudia nyimbo hizi wakihukumiwa bila hata kuulizwa walifanya nini hasa.

Ushahidi unaoletwa kila mara ni namba mbili. Singo ya Fleetwood Mac iliishia nafasi ya 37 kwenye chati ya Uingereza. Ya Santana ilifika nafasi ya 4 Marekani, na albamu iliyoibeba, Abraxas ya 1970, ikakaa namba 1. Thelathini na saba kwa nne: ukiziweka hivyo zinaonekana kama hukumu ya wizi iliyokwisha kuandikwa. Nimezigeuza hizi namba kila upande, na kadiri ninavyozitazama ndivyo zinavyokataa kusema tunachotaka ziseme. Kwanza ni chati za nchi mbili tofauti, kwa hiyo hazishindani. Pili, hiyo 37 ilikuwa mwanzo tu wa safari. Mwaka huohuo haujaisha Green akatoa “Albatross”, wimbo usio na neno hata moja, na mapema 1969 ukashika nafasi ya 1 Uingereza. Ukafuata “Man of the World”, nafasi ya 2. “Oh Well”, nafasi ya 2 tena. “The Green Manalishi” ikaingia kumi bora mwaka 1970, mwenyewe akiwa ndiyo anaaga bendi. Mtu wa namna hiyo hakuwa mnyonge aliyenyang'anywa kwao. Kwao alikuwa nyota. Marekani ndiko alikokuwa hajulikani sana, na huko Santana asingeweza kuzika jina ambalo lilikuwa bado halijasimama.

Kama Green alizikwa, basi alizikwa na jina alilolichagua mwenyewe. Bendi aliiita kwa jina la mpiga dramu, Mick Fleetwood, na mpiga besi, John McVie, ambaye wakati jina linabuniwa alikuwa hata hajajiunga. Yeye kiongozi, mwimbaji na mtunzi akajiacha nje. Alipoondoka mwaka 1970, jina likabaki na wenyewe, likahamia California, na mwaka 1977 likatoa Rumours, albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni 40. Leo ukitaja Fleetwood Mac, kijana anakumbuka sauti ya Stevie Nicks, mwimbaji aliyejiunga Green akiwa ameshaondoka. Hilo halikufanywa na mpiga kopi yeyote, lakini sijawahi kusikia likilalamikiwa kwa ukali ule anaotupiwa Santana.

Mwaka huohuo wa 1977 Green alikamatwa baada ya kumtishia mhasibu wake kwa bunduki. Simulizi inayorudiwa zaidi ni kwamba hakuwa anadai hela. Alitaka waache kumpelekea. Alikuwa mgonjwa, amegunduliwa kuwa na skizofrenia baada ya miaka ya dawa za kulevya, na akapelekwa hospitali ya magonjwa ya akili. Kisa hiki huwa kinasimuliwa kama kichekesho cheusi cha historia ya roki, jambo linaloniudhi. Nakitaja kwa sababu moja tu: mirabaha ilikuwa inamfikia. Sheria ya Marekani tangu 1909 inasema wimbo ukisharekodiwa na kusambazwa kwa idhini ya mwenyewe, mwingine yeyote anaweza kuurekodi upya bila kumbembeleza mtu, mradi alipe kiwango kilichopangwa. Hadi mwisho wa 1977 kiwango hicho kilikuwa senti 2 kwa nakala. Piga hesabu: nakala milioni moja ni dola 20,000, na hapo mchapishaji wa muziki hajachukua chake. Ni kidogo, nakubali, na anayetaka kupigana na hizo senti 2 apigane na bunge lililoziacha palepale karibu miaka 70. Ila zinaelekea kwa mtunzi. Kila Santana alipouza, aliyeandikwa kwenye lebo ya sahani kama mtunzi ni Green.

Tuje kwenye muziki wenyewe, maana kesi nzima iko humo. Sikiliza toleo la 1968. Gitaa linaanza kwa noti chache zilizoachwa zining'inie, halafu dramu na besi zinaingia na mwendo wa Kilatini, taratibu, kwenye ufunguo wenye huzuni. Mstari unaimbwa, bendi inakatika, gitaa linajibu. Mwishoni mapigo yanabadilika ghafla, yanakuwa ya bluzi ya kuchezeka, na wimbo unaisha kabla dakika tatu hazijatimia. Sasa weka la Santana. Kinanda cha Gregg Rolie kinafungua, tumba na timbale zinatandika chini, gitaa linavuta noti moja mpaka unajiuliza itaisha lini. Ule mkia wa mwisho umekatwa, na mahali pake pamewekwa “Gypsy Queen” ya Gábor Szabó, mpiga gitaa wa Hungaria, ambaye naye jina lake limeandikwa. Santana hakuuvamia wimbo kwa kuuletea Ulatini kutoka nje. Alikuta tayari umo, umejificha, akauita kwa jina lake. Msikilizaji aliyekulia kwenye rumba ya Kongo anaupata mara moja.

Na Ulatini huo Green aliutoa wapi? Kwa Otis Rush, mpiga gitaa mweusi wa bluzi wa Marekani. Mwaka 1958, Chicago, Rush alirekodi “All Your Love” kwa lebo ya Cobra: ufunguo uleule wa huzuni, mwendo wa Kilatini, kisha katikati mapigo yanageuka kuwa ya kuchezeka. Umbo hilo ndilo la “Black Magic Woman”. Bendi ya bluzi ya Mwingereza John Mayall iliifungua albamu yake ya 1966 kwa wimbo huo ikiwa na Eric Clapton kwenye gitaa, na ni nafasi ya Clapton hiyohiyo aliyokuja kuirithi Green mwaka huo. Kwa hiyo tunajua alikolelewa. Nani analipwa senti 2 kwa ajili ya Otis Rush? Hakuna, kwa sababu sheria inalinda melodi na maneno, haimlindi aliyebuni umbo na mwendo. Wanaosema Santana alichukua cha Green wanaanza kuhesabu katikati ya mnyororo, pale ambapo Mwingereza mweupe ndiye anayeonekana kudhulumiwa.

Kuhusu Judas Priest sina mengi. “The Green Manalishi” ni wimbo wa mtu aliyeiona pesa kama shetani, na Green aliupiga polepole, ukiishia kwenye vilio visivyo na maneno vinavyoogofya hadi leo. Wanaume wa Birmingham wakaukaza, wakaupigia magitaa mawili yanayokwenda sambamba, wakavitupa vilio vile. Kimepotea kitu pale, tena kikubwa. Lakini mashabiki wa hevi metali ambao wasingegusa sahani ya bluzi wameuimba kwenye viwanja kwa zaidi ya miaka 40, na wengine wao ndio waliorudi nyuma kumtafuta mwenye wimbo.

Pale ninapokubaliana na walalamikaji ni kwenye ukimya. Green alikuwa mpigaji wa kuacha nafasi. B.B. King, gwiji wa gitaa la bluzi wa Marekani ambaye hakuwa mtu wa kutishika na vijana wa London, alisema huyu ndiye aliyemtoa kijasho. Kijasho hicho kilitokana na noti ambazo Green alikataa kuzipiga, na kukataa hakunakiliki kirahisi. Karibu kila anayemrudia anajaza. Halafu kuna sauti yake ya kuimba, isiyo na makuu, yenye uchovu wa kweli. Wapiga gitaa wanakesha wakijifunza solo zake na wanasahau kwamba “Man of the World” inabebwa na mwimbaji anayesema ana kila kitu na angependa asingezaliwa. Wimbo huo ulipoimbwa na mwimbaji Neil Finn katika jumba la Palladium, London, Februari 2020, kwenye tamasha la kumuenzi Green aliloliandaa Mick Fleetwood, ulikuwa mzuri na ulikuwa mtupu. Green mwenyewe hakuhudhuria. Alifariki Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 73.

Anayeheshimiwa zaidi na walalamikaji ni Gary Moore, wa Belfast. Alilinunua gitaa la Green lenyewe, la aina ya Les Paul la 1959 lenye ule mlio wa puani unaotokana na sumaku iliyogeuzwa kwenye kifaa chake kinachonasa mtikisiko wa nyuzi. Green alimwambia auze gitaa lake na ampe tu atakachopata. Mwaka 1995 Moore akarekodi Blues for Greeny kwa gitaa hilohilo. Ni kopi ya mapenzi, safi, na kwangu ndiyo inayonifundisha kidogo kuliko zote, kwa kuwa inakuonyesha Green alivyokuwa bila kukuonyesha alichoweza kuzaa. Tena humo kuna “Need Your Love So Bad”. Waingereza wengi wanauhesabu wimbo huo kuwa wa Green, ilhali aliyeurekodi kwanza ni Little Willie John, mwimbaji mweusi wa Marekani, mwaka 1955. Yaani albamu ya kumuenzi mtu aliyefunikwa na kopi inamfunika mwingine kwa kopi, na wale wanaomshtaki Santana hawajagutuka.

Anayetaka kuamua kesi hii kwa masikio yake nitamshauri aanzie Januari 1969, Fleetwood Mac walipoingia studio za lebo ya bluzi ya Chess, Chicago, wakarekodi na wakongwe weusi wa bluzi: Willie Dixon, Buddy Guy, Walter Horton na mpiga piano Otis Spann. Mwaka huohuo Spann akatoa albamu yake, Green akiwa mmoja wa wanaomsindikiza. Hapo Green ndiye mpiga kopi na wenye muziki wako chumba kimoja naye. Sikiliza anachopiga Spann anapoimba, ni kidogo sana. Kisha weka Abraxas.