“Tuma na ya kutolea” na maduka yetu ya mtandaoni

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: kwa duka dogo la mtandaoni hapa Moshi, malipo ya kuanza nayo ni Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, yenye jina la biashara. Kadi zisubiri. Ile namba binafsi unayoibandika chini ya kila picha Instagram, iondoe leo. Najua mafundi wa tovuti watanuna, maana wao hupenda kuanza na nembo za Visa na Mastercard chini ya ukurasa, zinapendeza, sikatai. Lakini mteja wa Majengo, au wa Sakina kule Arusha, ana maswali mawili tu kabla ya kulipa: nitakatwa shilingi ngapi, na hela yangu inaenda kwa nani?

Tuchukue makato. Muuzaji anatangaza kahawa ya kukaanga, pakiti shilingi 15,000. Mteja anaulizia, anapewa namba, halafu inafuata ile kauli yetu: “Tuma na ya kutolea.” Hapo bei imeshabadilika. Mteja analipia kutuma, anakulipia na wewe ukatoe kwa wakala, na bodaboda bado hajadai chake. Wengi hawabishi, wananyamaza tu, na muuzaji anabaki kulalamika kwamba watu wa mtandaoni wanauliza bei bila kununua. Kwenye makato Mtanzania hana mchezo. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, kuna watu walirudi kushika noti mkononi, na Septemba mwaka huohuo serikali ikaipunguza. Gharama ya kupokea hela ni gharama ya biashara, sawa na mifuko ya kufungia na kodi ya fremu. Iingize kwenye bei. Andika 15,500, mteja aone namba moja, yaishe.

La pili ni jina, na hili naona linadharauliwa zaidi. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo mteja anayetuma hela anaona jina la aliyesajili. Duka lina jina zuri la Kichaga, picha safi, wafuasi wa kutosha. Mteja anaingiza namba, na kabla hajaweka namba ya siri linatokea jina la mwanaume asiyemjua kabisa, kumbe ni mjomba wa mwenye duka. Anaghairi. Na ana haki, kwa sababu kila mwenye simu nchi hii amewahi kupokea meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”. Kwa Lipa Namba linatokea jina la biashara. Tena mteja wa mtandao mwingine anaweza kukulipa bila wewe kumiliki laini nne, na hela ya duka haichanganyiki na mchango wa harusi wala ada ya mtoto. Siku watu wa kodi, TRA, wakitaka hesabu, taarifa ya miamala unayo.

Lipa ukipokea ina utetezi wake. Ndani ya mji ni nzuri, hasa kwa mteja wa mara ya kwanza. Bodaboda anatoka Mbuyuni, anafika KCMC, mteja anafungua, ananusa, analipa. Mimi ningeongeza sharti moja: bodaboda asishike hela ya mzigo. Mpe kikadi chenye Lipa Namba ya duka, mteja alipe hapohapo, na wewe uone muamala umeingia kwako kabla dereva hajageuza pikipiki. Unamwepusha kijana wa watu na majaribu, na unajiepusha na “bosi, nimepata dharura, nitakupa kesho”.

Ila mzigo ukishapanda basi kwenda Mwanza, lipa ukipokea inakuwa kamari. Mteja hapokei simu, mzigo unalala ofisi ya basi, nauli ya kwenda imeliwa na ya kurudi inakusubiri. Kwa mikoani mteja alipe walau usafiri mapema. Asiyetaka kulipa hata nauli ya mzigo alikuwa anaangalia picha tu.

Oda zikiongezeka kiasi kwamba unashinda unalinganisha meseji za malipo na majina ya wateja, hapo sasa kaunganishe tovuti yako na kampuni za kukusanya malipo. Selcom, AzamPay, Pesapal na wenzao wanafanya kazi hiyo. Mteja anaandika namba yake ya simu kwenye ukurasa wa duka, simu inaleta ombi la kulipa, anaweka namba ya siri, na mfumo unaitaarifu tovuti kwamba oda fulani imelipwa. Raha yake ni kwamba hakuna mtu wa kukutumia picha ya muamala na kudai tayari. Picha za muamala zinatengenezwa. Amini taarifa iliyoingia upande wako tu. Tatizo linakuja mtandao ukikwama. Mteja ameshakatwa, ukurasa bado unazunguka, anabonyeza tena, anakatwa mara mbili. Kwa hiyo kila oda iwe na namba yake, na fundi ahakikishe oda iliyolipwa haiwezi kulipwa tena. Akikwambia hilo halitokei, tafuta fundi mwingine.

Sasa kadi. Kama unauza vikapu, batiki au kahawa kwa wageni waliopanda Kilimanjaro na sasa wako kwao Ujerumani, kadi unaihitaji, huna njia. Ziko kampuni za hapa zinazopokea kadi za nje; anzia huko, maana PayPal ya Tanzania imekuwa ya kulipa na si ya kupokea, na Stripe haiandikishi biashara za hapa. Elewa tu kwamba hela ya kadi haina utulivu wa hela ya simu. Mwenye kadi anaweza kwenda benki yake, baada ya wiki kadhaa au hata miezi, akasema mzigo haukufika au si yeye aliyelipa. Utatakiwa kuonyesha ushahidi, na ukikosa, hela inarudishwa kwake wakati kahawa imeshanywewa. Tunza risiti za posta na mawasiliano yote. Na tafadhali, usimwombe mtu namba za kadi yake WhatsApp. Hilo nimeliona likifanyika mjini Arusha, mchana kweupe, na watu wanaoonekana wa maana. Wenzetu wa Arusha pia waliozoea kuandika bei kwa dola wakumbuke kanuni za 2025 zinazokataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Kuhusu asilimia wanazokata kampuni za malipo sina mengi. Zinatofautiana, zinabadilika, na kwa duka dogo tofauti ya nusu asilimia haikuui. Kinachoua ni hela kukaa kwao siku kadhaa wakati mkulima wa Kibosho anataka malipo ya kahawa yake kesho asubuhi. Kwa hiyo afisa mauzo akija na kompyuta yake mpakato, mwulize kwanza hela inaingia benki lini. Mwulize mteja akirudishiwa hela, yale makato yanarudi au nayameza mimi. Kisha mwombe namba ya simu ya mtu atakayepokea Jumamosi jioni malipo yakigoma, na uipige palepale, yeye akiwa bado amekaa.