Gari Inayokataa Kukata Kona

Wenye magari ya kutoka Japani mnaijua hii shida, unalipa ushuru mpaka unakonda, unakabidhiwa gari safi kabisa halafu redio inashika FM ya 76 hadi 90 tu na stesheni nyingi za Nairobi ziko juu ya hapo. Ramani nayo iliamini tuko Nagoya, ata tukiwa tumekwama kwa jam ya Lang'ata Road kuna mwanamke ananiongelesha Kijapani kwa upole sana, sijui alikuwa ananipa pole ama ananielekeza baharini. Nikapelekea kijana fulani huko tao, mtaalamu wa skrini kubwa, akang'oa ile ya zamani akaweka mpya, muziki ukagonga, nikamlipa nusu tukakubaliana ingine mwisho wa mwezi. Hiyo stori iacheni hapo kwanza.

Kumbe sasa ndio taa ikaanza kuwaka, ile ya kagari kadogo na alama za tairi zilizojipinda nyuma yake. Na haikuwa inawaka ovyo. Ukizima gari ukiwasha tena inapotea, ukienda barabara imenyooka hakuna noma, lakini kata kona tu hivi, unasikia krrrrr chini ya boneti, gari inajishika breki yenyewe upande mmoja, unakanyaga mafuta haisikii, inagoma ka mbuzi anayevutwa sokoni, halafu taa inawaka na gari inatulia kana kwamba si yeye.

Fundi wa mtaani akaja na kaskana kadogo ka bei ya chini, akachomeka chini ya usukani, kakasema hakuna kosa. "Bosi, gari iko sawa, ni taa ndio mgonjwa. Nikutolee balbu?" Walai nusu nikubali. Kaskana ka hivyo mara nyingi kanasoma namba za makosa ya injini pekee, zile zinaanza na P, mambo ya breki na chasisi huwa yako kwa C na huko hakafiki, kwa hivyo kalikuwa kanasema ukweli, ni vile tu kalikuwa kameulizwa swali la jirani.

Wa pili akasema ni sensa ya gurudumu, na hakusema "labda". Tukaenda Kirinyaga Road kwa maduka ya spea, tukauziwa moja "eti imetoka Japani juzi", na vumbi yake ilikuwa nyekundu ya hapa hapa. Akafunga, akaijaribu kwa barabara iliyonyooka kama rula, akarudi anatabasamu, akapokea M-Pesa. Kona ya kwanza nje ya geti yake: krrrrr. Kumpigia, mteja hapatikani. Watu wa alainmenti nao wakasema usukani hauko katikati, wakauweka katikati, na kusema kweli ulikaa vizuri sana, gari ikaendelea kugoma kwa kona vile vile, ila sasa na usukani umenyooka.

Sasa ikafika Jumamosi ya ruracio, sherehe ya mahari, huko Kitengela. Shangazi yangu akapanda mbele, amevaa kitambaa kichwani cha kugusa paa, na kwa mapaja ameshika sufuria ya pilau, amekataa katakata iwekwe kwa buti kwa sababu buti "itaitikisa". Nilikuwa nimepanga kona zote polepole, zile ndogo tukapita nazo salama, lakini raundabauti ya Nyayo si mahali pa kwenda polepole, ukisita hapo matatu zinakupitia kwa paja. Nikaingia kulia kuelekea Mombasa Road na ka-mwendo kidogo, na hapo ndio gari ikaamua.

Krrrrr! Ikajishika, moto ukakata, sufuria ikateleza, kifuniko kikaruka na pilau ikaingia kila tundu la hewa kwa dashibodi, nyama moja ikasimama wima kwa skrini mpya. Nyuma yangu honi. Makanga amening'inia mlangoni akapita akisema, "Mzee, funza gari yako kukata kona!" Shangazi hakumjibu, alikuwa ameshaweka mkono kwa dashibodi, "Shindwa! Toka kwa hii gari! Toka!" na taa ikawaka, gari ikatulia vile kawaida yake, na mpaka wa leo hakuna mtu anaweza kumwambia haikutoka.

Jumatatu nikaenda kwa mzee mmoja Industrial Area mwenye mashine kubwa ya kweli. Huyu hakugusa spana. Kwanza akanipa historia, eti hii kitu ya kuzuia gari kuteleza, ESC, ilianza kwa magari 1995, Bosch na Mercedes, halafu 1997 ka-Mercedes kadogo A-Class kakapinduka Sweden kwa majaribio ya kukwepa mnyama barabarani, ndio wakaamua kila A-Class iwe nayo. (Sisi wa kwenda Kitengela tungeomba iwekwe kwa ajili ya ng'ombe.) Kazi yake, akasema, ni kulinganisha: usukani umeelekezwa wapi, na gari yenyewe inageuka wapi. Visipoelewana inadhani unateleza, inashika gurudumu moja ikuokoe.

Tukazunguka yadi tukikata kulia. Mashine ikaonyesha usukani: kulia. Gurudumu za kushoto zinakimbia kuliko za kulia, kwa hivyo kweli tunaenda kulia. Sensa ya mzunguko wa mwili wa gari: kushoto. Mzee akaangalia skrini, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi.

"Kuna mtu alifungua hapa katikati?"

Akafungua kava za katikati, pilau ikamwagika, akachukua tochi na kumbe sensa iko huku, kasanduku kadogo kanastahili kufungwa kwa bolti kwa sakafu ya gari kakiwa kameangalia juu, sasa kamelala kifudifudi, bolti hakuna, kamefungwa na karatasi ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku 2017, sijui aliipata wapi. Ikigeuzwa juu chini, kulia yake inakuwa kushoto. Muda wote gari ilikuwa inajaribu kuniokoa na ajali haipo.

Kuifunga ilichukua dakika chache. Kilichochukua saa ni kuipa sifuri upya, yaani ijue gari ikiwa imetulia iko vipi, na hapo gari lazima iwe mahali tambarare na isitikisike kabisa, na kila tukianza kijana wa spana anaegemea mlango akiuliza hii pilau ni ya nani.

Nikampigia yule wa redio. Akakubali bila aibu: "Aaah, hako? Kalikuwa kanazuia skrini kukaa vizuri, nikakasongesha tu." Kabla nipumue, akaongeza, "Na by the way bosi, ile balansi yangu?"

Nikampa Shangazi simu.