Unanunua R, hununui kijani

"Chukua hii ya kijani, ndiyo ya maji moto." Kauli hiyo inauza mabomba kila siku, na inaudhi kila siku. Kijani ni rangi ya kiwandani tu. Wakiamua kutia zambarau, litatoka la zambarau.

Kinachohimili maji moto ni herufi iliyochapwa ubavuni: PP-R. PP ni plastiki ya polipropilini, na R ni "random", yaani ovyo ovyo. Propilini tupu, yaani PP-H, ina aina moja ya monoma (kipande kidogo kinachojirudia) toka mwanzo wa mnyororo hadi mwisho; minyororo hujipanga sawasawa mno, bomba likawa gumu na rahisi kupasuka kwenye baridi. Penyeza monoma ya pili, ethilini, asilimia chache, itawanyike ovyo ovyo, na mpangilio huo unavurugika: hiyo ndiyo R. Fuwele zinapungua, ukuta unapata unyumbufu, na ufa mdogo haupati njia rahisi ya kutambaa hata shinikizo na joto vikikaa miaka. Vurugu ndiyo dawa yenyewe!

Sasa PP-B. Monoma ni zilezile mbili, ila ethilini imekaa kwa mafungu (B ni "block", fungu). Haya, nakubali: kwa kugongwa inavumilia kuliko R, na kwa maji baridi haina ubaya. Lakini ukiifunga kwenye hita ya maji, umenunua uvujaji wa baadaye, tena ndani ya ukuta uliokwisha kupigwa vigae.

Na ile PN20 wauzaji wanayoitaja kama kiapo ni kiwango cha shinikizo, bar 20, na hupimwa kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 70 uwezo huo hushuka hadi karibu nusu, au chini zaidi. Nenda dukani na kalipa (kifaa cha kupimia unene) uhakikishe alama hiyo, muuzaji anune akitaka: bomba la mm 20 la PN20 lina ukuta wa mm 3.4, la PN10 mm 1.9.

Kuunga mabomba kwa kuyachomea nako si kubahatisha. Mashine nyuzi 260; bomba la mm 20 lipashe sekunde 5, la mm 25 sekunde 7. Lichomeke kwenye kiungo likiwa limenyooka, ndani ya sekunde 4, usizungushe, kisha liache angalau dakika 2. Ukizidisha moto, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kuziba njia, maji yanadondoka kama machozi, halafu lawama anabebeshwa pampu, maskini. Bomba likiwa na maji, mvuke unaacha matundu kwenye kiungo.

Juani juu ya paa, lifunikeni. Hata R halisi, mionzi huila hadi ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa chaki.