Dhahabu ni ya Nairobi, Shimo ni la Nani?

Ng'ombe wa mjomba ametumbukia shimoni. Ng'ombe wa maziwa, mimba ya miezi saba. Shimo lenyewe ni la dhahabu, lilichimbwa mpakani mwa shamba, mshipa wa dhahabu ukapotea, wachimbaji wakahama, nyasi zikaota juu. Tulimvuta kwa kamba hadi saa nane. Alitoka amekufa.

Nikaenda ofisi ya kaunti. Karani akakoroga chai yake: "Madini si yetu, ndugu yangu. Hayo ni ya serikali kuu." Nikapanda boda hadi kwa serikali kuu. Shimo lina kibali? Halina. "Basi huo si mgodi, ni shimo tu. Rudi kaunti."

Nauli ya kwenda na kurudi nimejilipia, ahsanteni.

Najua Katiba ya 2010 imeyaweka madini mikononi mwa serikali kuu. Najua pia Sheria ya Madini ya 2016 inavyogawa mrabaha, yaani ada inayotozwa kwa madini yaliyochimbwa: asilimia 70 serikali kuu kule Nairobi, 20 kaunti, 10 jamii. Hizo 20 ndizo magavana wanazodai kila wapatapo kipaza sauti. Lakini mrabaha hulipwa na mwenye leseni! Huku kwetu Ikolomani, Kakamega, kijana anashuka futi kadhaa na tochi kichwani, mama anaponda mawe kwa nyundo, anaosha kwenye karai na zebaki mikononi, broka ananunua papo hapo kwa noti. Asilimia 10 ya nini, jamani? Mnagombania mgao wa sufuria ambayo haijatelekwa, na moto wenyewe unatuunguza sisi.

Haya, nakubali shingo upande: kila kaunti ikijitungia sheria yake ya dhahabu, tutakuwa na vurugu 47. Kitui nao wana makaa yao ya mawe kule Mui, wajiandae.

Ila kuziba shimo hakuhitaji Katiba. Kunahitaji lori la udongo na mtu mmoja wa kusema "hili ni langu." Wazungu walichimba mgodi wa dhahabu wa Rosterman hapa Kakamega miaka ya 1930, wakaondoka, na tangu hapo tumebadilisha bendera, katiba na magavana, mashimo tumeyaacha.

Mjomba ameuzungushia mdomo wa shimo matawi ya miiba. Watoto wa shule hupita hatua nne kutoka hapo. Mvua zimeanza, na ukingo unameguka.