Nilifunga, lakini damu yangu ilikuwa imekula

Wiki ya pili ya Ramadhani iliyopita nilikwenda maabara moja hapa mjini kupimwa mafuta ya damu. Saa mbili asubuhi nilikuwa kitini, mkono wa shati umekunjwa hadi juu ya kiwiko. Dada wa damu akaniuliza swali moja tu: "Kaka, umefunga?" Nikajibu, "Nimefunga, alhamdulillah." Akatia alama kwenye karatasi yake, akanidunga sindano. (Kwa wanaotaka kujua: nilishamuuliza imamu wetu, damu kidogo ya kupima haiharibu saumu.)

Sote wawili tulisema kweli na hatukuelewana. Yeye alimaanisha saa kumi na mbili bila chakula. Mimi nilimaanisha saumu, na saumu yangu ilianza kwa daku la saa kumi alfajiri: sahani ya biriani iliyobaki, mahamri matatu, na mbaazi za tui zito ambalo mamangu halipunguzi kwa ajili ya mtu yeyote. Hesabu mwenyewe. Saa nne kamili.

Alipoitoa chupa kwenye mashine ya kuzungushia, akaiinua dirishani. Damu nyekundu ilikuwa imetuama chini. Juu yake, pale panapotakiwa kuwa na majimaji ya manjano yanayopitisha mwanga, palikuwa peupe kama tui la pili, lile jepesi la kupikia wali. "Kaka," akasema taratibu, "ulikula nini wewe?"

Trigliseridi, yaani mafuta yenyewe yanayosafiri damuni, zilikuwa milimoli 4.1 kwa lita. Aliyekaa na njaa kweli hutakiwa awe chini ya 1.7. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya waliposema kipimo hiki chaweza kufanywa hata kwa mtu aliyekwisha kula, walimwekea huyo kikomo cha 2. Mimi nilikuwa maradufu hata kwa sheria ya walioshiba.

Weupe ule nilitaka kuuelewa, nikakaa nao siku kadhaa. Mafuta hayakubaliani na maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo ukuta wa utumbo huyafungasha kwenye vifurushi vidogo sana viitwavyo kilomikroni. Vifurushi hivyo haviendi kwenye ini moja kwa moja kama ifanyavyo sukari. Hupitia mirija ya limfu, vikapanda kifuani mpaka karibu na mtulinga wa kushoto, na hapo vikamwagika kwenye mshipa wa damu. Njiani, kimeng'enya kilichoganda kwenye kuta za mishipa myembamba huvipasua na kuyatoa mafuta, misuli ikayala au mwili ukayaweka akiba. Kilele ni saa ya tatu au ya nne baada ya kula. Mlo mzito huchukua saa sita, hata nane, kusafishika. Yanayobaki ni makombo ya vifurushi, na kazi ya ini ni kuyaokota. Yakichelewa kuokotwa, mengine hujipenyeza kwenye ukuta wa ateri. Mwaka 1979 mtafiti Donald Zilversmit alitoa hoja kwamba ugonjwa wa kuziba mishipa ni jambo la baada ya kula. Kwa mtu wa Mombasa hilo si jambo dogo, maana sisi "baada ya kula" yetu haiishi.

Nyumbani nilipoeleza, vita vya nazi vikaanza. Binamu yangu wa Nairobi akasema ndio hayo, nazi ni sumu. Shemeji akasema nazi ni dawa, yeye hunywa kijiko cha mafuta yake kila asubuhi, kuna daktari kwenye simu amelieleza vizuri.

Shemeji kwanza. Daktari wake wa simuni anasema mafuta ya nazi hukimbilia ini bila kupanda vile vifurushi. Kuna kaukweli hapo: asidi fupi za mafuta, zenye kaboni 8 na 10, hupita njia hiyo. Lakini kwenye mafuta ya nazi hizo ni kama sehemu moja katika saba. Karibu nusu ya mafuta yenyewe ni asidi ya lauriki, na sehemu kubwa ya hiyo husafiri na vifurushi kama mafuta mengine. Mtu akiyatumia wiki kadhaa badala ya alizeti, kolesteroli ya LDL, ile mbaya, hupanda. Ya HDL, ile iitwayo nzuri, nayo hupanda, na wauzaji huanzia na kuishia hapo.

Joto letu nalo linatudanganya. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa chupa hukaa majimaji karibu mwaka mzima, labda asubuhi za Julai ndipo huona ukungu mweupe ndani yake, basi tumeyahesabu kundi moja na uto. Ipeleke chupa hiyohiyo Nairobi, utayachokoa kwa kijiko kama samli. Na samli ndiyo jamaa yake hasa.

Binamu naye asishangilie. Kule Pasifiki kuna jamii mbili za visiwani, za Tokelau na Pukapuka, ambazo mtafiti Ian Prior na wenzake waliandika habari zake mwaka 1981. Watu wa Tokelau walipata zaidi ya nusu ya nguvu zao za chakula kutoka kwenye nazi, wa Pukapuka kama theluthi. Kolesteroli ya Tokelau ilikuwa juu zaidi, kama unavyotarajia, lakini maradhi ya moyo yalikuwa machache kote kuwili. Walikula nazi na samaki, sukari ilikuwa kidogo mno, na hakuna aliyependa kukaa. Hiyo ni tofauti na nazi juu ya mahamri juu ya soda.

Mimi maoni yangu ni kwamba tunagombania aina ilhali kilichojaza chupa yangu ni kiasi. Kwa mlo mmoja, tofauti kati ya samli, nazi na alizeti katika kupandisha trigliseridi ni ndogo, na majaribio yenyewe yamepishana. Kuna yaliyoona siagi ikipandisha kwa upole kuliko uto. Aina hufanya kazi yake polepole, kwa wiki na miezi, kwenye LDL. Lakini kiasi hulipwa siku hiyohiyo. Gramu 15, yaani kijiko kimoja cha mezani, hazionekani sana damuni. Kuanzia 30 kwenda 50, kila unachoongeza kinaonekana.

Sasa simama jioni mbele ya karai la viazi. Kiazi kimechemshwa, kikavikwa unga wa rangi ya manjano, kikatumbukizwa. Ule unga ndio sifongo. Kikitoka kwenye chujio kinatiririka, kikifika kwenye gazeti kinaacha duara linalopitisha mwanga, nawe unamwagia ukwaju na kuagiza vingine vitano. Mafuta ni ya alizeti, ndiyo. Vijiko vingapi?

Na Ramadhani tunakwenda mbali zaidi. Magharibi ni bhajia na kaimati zilizolowa shira, saa tano usiku kuna mishkaki, alfajiri daku. Utumbo hubakisha mafuta ya mlo uliopita na kuyaachilia mlo mwingine unapoingia, kwa hiyo damu ya daku hubeba pia futari. Sukari ya shira na sharbati huongeza moto, hasa ikiandamana na mafuta. Tunafunga mchana na kuipa damu kazi ya mwaka usiku mmoja.

Tui la mamangu silitupi. Samaki wa kupaka bado ni chakula bora kuliko nusu ya vinavyouzwa barabarani, na akiwa jodari huja na mafuta yake ambayo, ukiyala kwa wingi wiki kadhaa, hushusha trigliseridi. Nilichoacha ni karai la kila siku. Nimeongeza pia kutembea kwa kasi baada ya tarawehe, kwa sababu mwendo wa jana hupunguza kupanda kwa leo. Majirani wanadhani nina deni.

Siku ya pili nilirudi saa kumi jioni, saa kumi na mbili tangu daku, midomo imekauka. Majimaji ya chupa yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, unaona kidole upande wa pili. Trigliseridi 1.9. Si nzuri, lakini si tui.

Nikiwa nasubiri karatasi, akaingia mzee mwenye kanzu na bakora. Dada yuleyule akachukua kalamu.

"Mzee wangu, shikamoo. Umefunga?"

"Alhamdulillah, nimefunga."

Akanitupia jicho, akaiweka kalamu chini.

"Daku umekula saa ngapi?"