Minara ya Upepo ya Yazd na Fukuto la Pwani

Wanaosema watu wa kale walituzidi maarifa ya ujenzi hupenda kuutaja Yazd, mji wa katikati ya Iran. Wana sababu. Juu ya nyumba zake za udongo imesimama minara ya upepo. Ule wa bustani ya Dowlatabad una urefu wa mita 33 hivi. Mnara hunasa upepo na kuuteremsha vyumbani. Baadhi ya nyumba huupitisha kwanza juu ya maji ya mfereji wa chini ya ardhi, na maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Upepo ukitulia, hewa moto hupanda mnarani na kutoka.

Ila huo ni ufundi wa jangwani. Hewa ya Yazd ni kavu, na usiku hupoa kiasi cha kuta nene kutema joto lote la mchana. Mombasa au Dar es Salaam, ambako hata jasho linagoma kukauka, maji yale yasingesaidia kitu. Dubai nako kuna fukuto. Wafanyabiashara waliotoka Uajemi walijenga minara yao mtaa wa Al Fahidi, lakini huko faida ilikuwa upepo wenyewe.

Pwani yetu ilikuwa na majibu mawili yanayogombana. Nyumba ya mawe ya Lamu ina kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, na vichochoro vyembamba vinavyotiwa kivuli na nyumba zenyewe. Mchana, raha. Usiku hewa ya nje haipoi vya kutosha, ukuta unarudisha joto, na vyumba vya ndani, vilivyojengwa kwa sitara kuliko upepo, havipumui. Si ajabu watu kupanda juu kulala chini ya makuti. Nyumba ya udongo na makuti, ya wasio na uwezo, haishiki joto sana. Ubaya wake ni moto, na kuezeka upya kila baada ya miaka michache.

Kwa hiyo mtetezi wa kiyoyozi nampa haki yake: kinaondoa unyevu hewani, jambo lisilowezwa na kivuli wala pangaboi. Lakini akijenga kuta za vioo zinazotazama magharibi, juu bati tupu, kisha akalipia umeme kufukuza joto alilolialika mwenyewe, hapo simfuati. Baraza pana, madirisha yanayotazamana na matundu ya hewa darini ni kazi ya fundi wa kawaida, mradi aulizwe mapema kusi na kaskazi zinaingilia upande gani wa kiwanja.