Vigezo na masharti visimzibe mteja mdomo

Duka la mtandaoni la KlearGear, Marekani, liliwadai wanandoa wa Utah dola 3,500 kwa kosa moja: miaka mitatu nyuma, mke alikuwa ameandika kwamba mzigo hawakuupata na huduma ni mbovu. Duka lilidai masharti yake yanakataza kulisema vibaya. Hawakulipa, deni likaingizwa kwenye rekodi ya mikopo ya mume. Mwaka 2014 mahakama iliwapa fidia ya dola 306,750, lakini kwa sababu kampuni haikujitokeza kujitetea. Ushindi wa namna hiyo haumsaidii mteja wa kesho.

Mwaka huohuo California ikapiga marufuku vifungu hivyo, faini hadi dola 2,500 kwa kosa la kwanza na 5,000 kwa kila linalofuata. Desemba 2016 Rais Obama alisaini sheria ya nchi nzima. Inabatilisha kifungu chochote cha mkataba wa fomu, yaani ule unaoletewa uko tayari na hujadiliani nao, kinachokuzuia kutoa maoni au kukutoza kwa kuyatoa. Inabatilisha pia kile kinachochukua hakimiliki ya maoni yako. Hiki cha mwisho ndicho kilichokuwa na ujanja kuliko vyote: baadhi ya wagonjwa walisainishwa kwa daktari kwamba chochote watakachoandika ni mali ya daktari, ili akiudhika aiambie tovuti ikiondoe kwa madai ya wizi wa hakimiliki.

Sasa mipaka. Mkataba wa ajira haumo. Ukirudishiwa pesa kwa makubaliano mliyojadiliana wenyewe, nawe ukakubali kufuta maoni, usitegemee sheria hii ikuokoe. Na kesi ya kashfa, yaani ya kumchafulia mtu jina, iko palepale.

Ndiyo maana namna ya kuandika ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. "Fundi huyu ni mwizi" ni tuhuma ya jinai, na atakayetakiwa kuithibitisha ni wewe. "Nilimlipa 80,000 tarehe 3, akaahidi kabati tarehe 10, leo tarehe 25 sijalipata na simu hapokei" ni mambo manne, na kila moja lina ushahidi wake. Tunza risiti, ujumbe wa malipo na picha kabla ya kuchapisha. Ukipokea barua ya wakili, piga picha maoni yako yalivyo kabla ya kugusa hata herufi moja.

Afrika Mashariki tahadhari hiyo ni ya lazima zaidi. Kenya, Mahakama Kuu ilifuta kashfa kama kosa la jinai mwaka 2017. Kesi ya madai, ya kudaiwa fidia, imebaki. Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu taarifa ya uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Neno la kushikilia hapo ni "akijua": aliyechapisha lazima awe alijua ni uongo. Kwa mteja mwenye risiti mkononi, hiyo ni ngao, japo ya kujikinga ukiwa tayari polisi.

Kwa maoni yangu, Sheria ya Kenya ya kulinda walaji ya 2012 na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 ziongezewe kipengele kimoja cha Wamarekani: kukiweka tu kifungu cha kumzuia mteja kutoa maoni kwenye fomu ni kosa, hata kama hajadaiwa mtu. Mteja anayenyamaza kwa sababu amekisoma hafiki mahakamani.